Tangi la Sheha, Nyumbani kwa Bi Zuwena

Vijana wa ndoo, salaam nyingi. Juzi nimekabidhi funguo za gari, kiboksi cha vipimo na ile ndoo ya buluu ambayo kila mmoja wenu alikuwa akiinyemelea, nikarudi kwetu Kibokoni, Mombasa. Mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Kuhusu mshahara na vyeo sina la kuandika, nanyi mwajua kwa nini. Nitaandika juu ya maji. Karibu miaka kumi nimehudumia matangi ya samaki kwenye nyumba za watu Dubai, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba maji yaweza kuwa meupe pe, ukatamani kuyatawadhia, na bado yakaua.

Nilifika pale Al Quoz nikiwa dereva, umri wangu nusu karne na ushei. Kampuni yenyewe mwaijua: godauni moja, matangi ukutani, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa hiari yake. Bosi tulimwita Sir, naye alituita sote habibi, hata akiwa amekasirika. Mwezi wangu wa pili fundi mmoja alikwenda likizo kwao asirudi. Sir akanikuta nimeketi kwenye usukani natafuna karanga, akasema, "Yalla, Faraj, kuanzia kesho wewe ni fundi." Hivyo ndivyo nilivyopata elimu yangu ya juu.

Aliyepewa kunifundisha alikuwa Yusta, mwanamke wa Kigoma, mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Siku ya kwanza nilinuna kidogo, sitaficha. Mtu mzima kama mimi kuonyeshwa namna ya kushika ndoo! Yeye aliniita Mzee Faraj kwa heshima zote, na nikikosea, "we mzee". Wiki ya kwanza haijaisha nilikuwa nimeshazoea hilo la pili.

Kosa langu kubwa lilikuja mapema, nyumbani kwa madam mmoja Jumeirah Lake Towers, ghorofa ya ishirini na kitu. Yusta alikuwa akisugua kioo, akaniachia chujio na kuniambia nisuuze sponji. Sasa, mimi ni mtoto wa Kibokoni. Mamangu akikutuma kufua kitambaa, akiona doa, warudi bombani na kofi la mgongo juu yake. Niliona lile sponji limejaa matope ya kahawia. Nikaenda nalo bafuni, nikalipiga sabuni mara mbili, maji ya moto, nikalikamua mpaka likawa kama siku lililotoka dukani. Madam akanipa shukran na juisi ya embe.

Siku nne baadaye madam akapiga simu analia. Tulipofika, samaki wote walikuwa juu wanapumua kwa shida. Yusta akachota maji kwenye kichupa, akadondosha dawa, akatikisa. Maji yakageuka kijani, rangi ya sumu.

"We mzee," akasema, "lile sponji ulilifua na nini?"

"Sabuni. Tena nililirudia."

Akakaa sakafuni. "Umeua wafanyakazi wote."

Nilidhani amechanganyikiwa. Ndipo akanieleza, na maneno yake nimewaeleza nyinyi wote, kwa hiyo mtanivumilia. Samaki anakunya na kukojoa humohumo anamoishi, maskini, hana pa kwenda. Uchafu ule unatoa amonia, nayo ni sumu. Kwenye matope ya sponji wanaishi bakteria wanaoila ile amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wapo bakteria wengine wanaoila nitriti na kuigeuza nitrati, na hiyo angalau samaki anaivumilia, mpaka wewe uje na ndoo yako uipunguze kwa kubadilisha maji. Ukifua sponji kwa sabuni umefukuza kiwanda kizima. "Sponji unalisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe," akasema. "Unalikamua mara tatu, basi. Likibaki la kahawia, mshukuru Mungu." Tulibadilisha maji pale kila siku kwa wiki tatu, na samaki walipona isipokuwa wawili. Juisi ya embe sikuletewa tena.

Maji ya Dubai nayo yana tabia zake. Yanatoka baharini, yanasafishwa chumvi, kwa hiyo yanafika bombani mepesi, hayana madini mengi, ila klorini haikosi. Kisha yanalala kwenye tangi la juu ya paa. Mwezi wa Agosti ukifungua bomba la maji baridi unaweza kukoroga uji. Nyinyi mwajua dawa yake, lakini wageni hawaamini: wakati wa joto watu huzima hita, na kwa kuwa hita iko ndani ya nyumba penye kiyoyozi, maji yake ndiyo yanayopoa. Kwa hiyo Agosti tulikuwa tukijaza ndoo za samaki kutoka bomba la moto. Siku ya kwanza Yusta aliponiambia, "Mzee Faraj, jaza la moto," niliona sasa ameamua kulipiza kisasi.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Kiboksi cha vipimo, mpira wa kunyonyea maji, dawa ya kuondoa klorini, ndoo ya buluu ambayo haijawahi kuona sabuni tangu izaliwe, na daftari. Daftari ndilo lililonifanya nionekane mwerevu. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake: amonia, nitriti, nitrati, pH, joto, nani amekufa. Niliamini namba zile kama msahafu, na hapo ndipo penye kisa changu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Rashidiya, ya Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Ghuba na wazazi wake akiwa msichana. Miaka yote ile Kiswahili chake kilikuwa bado cha Mkunazini, safi, na cha mkato. Sir alinipa nyumba ile kwa sababu ya lugha. Mumewe, Mzee Seif, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangi lilikuwa lake. Aliliweka sebuleni, kando yake kiti cha mkono alichozoea kukalia, na ndani yake samaki sita wenye milia myeusi na nundu kichwani.

Nilipomtajia Yusta samaki hao, aliacha kula. "Nundu? Milia? Mzee Faraj, hao ni wa kwetu! Hao wanatoka Ziwa Tanganyika!" Mtu aliyekuja Dubai kwa ndege mbili na viza ya kuungaunga, akakuta samaki wa kwao wanakaa nyumba yenye viyoyozi sita. Alicheka mpaka akalia kidogo. Kisha akaniambia maji ya ziwa lao ni mazito ya madini, pH nane na nusu hivi, hivyo maji ya bomba matupu yatawadhoofisha. Akanipa mfuko wa matumbawe yaliyopondwa niutie ndani ya chujio, yayeyuke taratibu na kuyapa maji madini. Nami nikajiona nyumbani, maana kuta za Kibokoni ni mawe hayohayo.

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa Rashidiya. "Shikamoo, Bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Kahawa kwanza, samaki hawakimbii." Tulikunywa kahawa na visheti, akinisimulia habari za Mzee Seif. Samaki mkubwa kuliko wote marehemu alimwita Sheha, kama mkuu wa mtaa kule kwao Unguja, kwa sababu ana nundu, hana haraka, na hakuna mwenzake anayekula kabla yeye hajaonja. Bi Zuwena alimlisha kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya mumewe.

Na sebule ile, jamani, ilinukia. Kila Ijumaa baada ya alasiri Bi Zuwena alikaa kwenye kiti cha mumewe, akamsomea Yasini, akamfukizia udi. Jumamosi nikifika bado harufu imelala kwenye mapazia, na chetezo na majivu yake kiko palepale, kwenye rafu ya chini ya tangi. Mimi nimelelewa na udi. Mamangu alikuwa mpishi wa udi wa maharusi, na mke wangu Mwanaisha aliurithi upishi ule. Nilikuwa nikiingia sebule ile navuta pumzi mpaka kwenye kisigino. Nilipotoka likizo nilimletea Bi Zuwena kopo zima la udi wa kwetu, uliopikwa na Mwanaisha kwa mkono wake. Alilifungua, akafumba macho, akaniombea dua ndefu.

Sasa samaki. Kabla ya likizo yangu walikufa wawili, mmoja mmoja. Nikasema uzee. Baada ya likizo wakafa watatu ndani ya wiki chache. Nilipima amonia: hakuna. Nitriti: hakuna. Nitrati chini, pH nane na nusu, joto sawa. Nikabadilisha maji, nikanunua kiboksi kipya nikidhani cha zamani kimeharibika. Namba zikarudi zilezile, nzuri za kuchukiza. Akabaki Sheha peke yake, na Jumamosi moja nikamkuta yuko juu kabisa ya maji, anafungua mdomo na kufunga.

Bi Zuwena hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniandalia kahawa, akasema, "Mwanangu wa kumzaa anataka tangi liondoke, aweke sofa. Miye nimemwambia, Sheha akiwa hai tangi halitoki. Huyu ndiye wa mwisho aliyekula mkononi mwa Seif." Akaongeza, "Akenda huyu, Faraji, basi tena. Sina cha kukaa nacho."

Nikatoka nje, nikampigia Yusta simu. Nikamwambia mwalimu, nimeshindwa, njoo leo hii.

Alikuja na teksi kutoka Al Quoz. Mlango ulipofunguliwa, hata salamu hakumaliza, akapiga chafya tatu.

"Mzee Faraj, humu ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na mimi natoka machozi?"

Akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Namba zangu hakuzitazama. Aliinama, akachungulia rafu ya chini, akaona chetezo, na kando yake, shibri moja tu, pampu ya hewa. Hiyo pampu, kwa asiyejua, inavuta hewa ya pale ilipo na kuisukuma ndani ya maji itoke mapovu. Yusta akachukua karatasi laini, akailaza juu ya maji, akaiinua. Ilikuwa imeloa utando wa mafuta. Akanipa ninuse.

Wallahi nilinusa harusi ya dada yangu. Nilimnusa mamangu. Udi wa kwetu, sukari na mafuta yake yote, kwenye karatasi iliyotoka ndani ya tangi la samaki.

"Kila Ijumaa mnamvutisha huyu samaki moshi," Yusta akasema kwa sauti ya chini. "Halafu mafuta yanatanda juu, hewa haiingii. Kipimo chako hakina tone la udi, Mzee Faraj. Miezi yote hii hukusikia harufu?"

Niliisikia! Niliisikia kuliko mtu yeyote. Ningekuwa Mfilipino au Mhindi ningeuliza siku ya kwanza. Mimi niliingia pale nikaona niko kwa mamangu, na kwa mamangu mtu hakagui. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

"Wewe ndiye wa kwao," Yusta akasema, akaanza kutoa mpira na ndoo.

Nilimkuta Bi Zuwena jikoni. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri njiani, yaani hatua kumi na mbili za ukumbi. Nikamwambia pampu imezeeka, Bi mkubwa, inavuta vumbi, tutaisogeza, tutaweka mpya, na pengine hewa ya sebule ni nzito kidogo, na madirisha ya siku hizi nayo...

"Faraji," akanikata. "Miye si mtoto. Udi wangu?"

Nikainama. "Ndiyo, Bi mkubwa."

Akashika ukingo wa meza. "Watano wote?"

"Sijui kama ni wote."

"Wote," akasema, na machozi yakamtoka bila sauti. "Namfukizia Seif, kumbe naua samaki wake."

Nililia na mimi, sina haja ya kuwaficha. Nikamwambia udi uliowamaliza watatu wa mwisho ulitoka kwangu, niliubeba kwenye begi langu mwenyewe, na mimi ndiye fundi niliyepaswa kujua. "Wewe umewasha, mimi nimeleta. Tugawane, Bi mkubwa." Akajifuta kwa ncha ya buibui. "Na Sheha atapona?" Nikamwambia sijui. Ndiyo siku niliyoacha ile tabia ya kusema inshallah pale ninapotaka mteja anyamaze. Nilisema sijui, na nilimaanisha.

Yusta alifuta utando kwa karatasi hamsini kasoro kidogo. Tulibadilisha robo ya maji tu, maana samaki mgonjwa ukimbadilishia maji yote kwa mara moja unammaliza wewe mwenyewe. Tukatia mkaa wa kuchujia ndani ya chujio, tukahamishia pampu ukumbini na mpira mrefu. Nilikwenda kila siku baada ya kazi, robo kwa robo. Siku ya pili Sheha alikuwa bado juu. Siku ya tatu nilikuta amelala chini, nikadhani khalas, amekufa, kisha akapepesa mapezi. Siku ya sita Bi Zuwena alinipokea mlangoni bila salamu, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka mpaka kwenye tangi. Akatia vidole ndani ya maji na chembe ya chakula. Sheha akaja taratibu, akakitazama, akatufanya tusubiri, akala.

"Haya," Bi Zuwena akasema. "Sheha kaidhinisha."

Tangi halikutoka. Yusta alimletea Sheha wenzake watatu wadogo, na kila alipokwenda kuwatazama aliwasalimia kwa Kiha, akidai wanaelewa. Miaka miwili iliyopita alirudi Kigoma kufungua duka la vifaa vya uvuvi, na matumbawe yake yaliyobaki nimewaachia kabatini. Kuanzia siku ile daftari langu liliongezeka mstari mmoja juu kabisa, kabla ya amonia. Nilikuwa nasimama mlangoni, navuta pumzi, naandika kinachonukia: manukato, dawa ya mende, rangi mpya, samaki wa kukaanga. Mlikuwa mkinicheka, mkisema Mzee Faraj ananusa kama paka. Chekeni, lakini nuseni.

Wiki iliyopita, siku moja kabla ya ndege, nilikwenda Rashidiya kuaga. Ilikuwa Ijumaa jioni. Bi Zuwena alikuwa amekaa kibarazani kwenye joto, mkono mmoja unapepea kanga.

"Mbona uko nje, Bi mkubwa?"

"Nimetoka kufukiza chumba cha nyuma, mlango nimefunga. Sasa napunga upepo, harufu initoke ndipo nimsogelee Sheha." Akacheka, akanionyesha kiti. "Unajua, Faraji, Seif nilimfukiza miaka arobaini. Kanzu zake, kilemba, mto wa kulalia. Akikohoa. Nikimuuliza, anasema vumbi la Dubai. Kila siku vumbi la Dubai! Juzi nimekaa hapa nikafikiri, yule bwana alikuwa hapendi udi. Alinipenda miye. Akavuta moshi miaka arobaini asiseme."

Akaingia ndani, akarudi na lile kopo nililomletea, bado lina nusu.

"Mrudishie mkeo aliyeupika. Lakini muulize kwanza."

Jana baada ya chakula cha usiku nilitoa kopo nikaliweka mezani. Mwanaisha alikuwa anakusanya sahani. Ndoa yetu ina miaka thelathini na nne, na kila Alhamisi nikiwa nyumbani ni mimi ninayedai chetezo kiwashwe, kama kwa mamangu.

"Mwanaisha," nikamwambia, "huu udi waupenda?"

Akasimama na sahani mkononi. Akanitazama, akalitazama kopo, akanitazama tena.

"Leo ndo wauliza, Faraji? Nikiupika macho yanifura siku mbili. Kifua nacho chanibana." Akacheka, akaweka sahani mezani. "Nilidhani hutouliza mpaka nife."

Nikainuka, nikafungua madirisha yote.